Koili Fupi, Moto Mrefu

Wawira alikuwa amepata mazoea mapya ambayo hakumwambia mtu. Kila akiingia chumbani kwa mkaza mwanawe, kabla hata ya kuuliza mtoto ameamkaje, alipitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda, juu hadi chini, polepole, kama mtu anayepapasa ng'ombe mgonjwa. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, na kwa ndani umepigiliwa maboksi ili upepo usipenye. Na kila maji yalipochemshwa, ukuta ule ulishika joto. Halikuwa joto la jua, maana jua la mwezi wa saba huku Kanja ni la kusikia kwa redio. Lilikuwa joto la paji la mtoto mwenye homa.

"Mami, unatafuta nini huko?" Karambu alimuuliza siku moja, akiwa amekaa kitandani ananyonyesha.

"Kunguni."

"Kunguni! Kwa nyumba mpya?"

"Kunguni haulizi nyumba ilijengwa lini," Wawira alisema, akauficha mkono kwenye leso.

Angemwambia nini? Mwanamke aliyetoka kujifungua haongezewi hofu. Karambu alikuwa ameolewa kutoka upande wa Nkubu, mbali na mamake, na Wawira alikuwa amejiapia kwamba huyu msichana hatasema kwao kwamba hapa alitunzwa vibaya. Kwa hivyo alikuwa anapewa ucuru, ule uji mzito wa mama mzazi, asubuhi, njahi, yale maharagwe meusi, mchana, anaogeshwa na maji ya moto kama inavyotakiwa, na chumba hakiachwi kipoe. Mtoto naye alikuwa wa kiume, wa kwanza, akapewa jina la marehemu babu yake, Mbogo, kama desturi inavyosema. Hivyo Wawira akimbeba alimwita mume wangu.

"Mume wangu amekojoa tena," alisema, na Karambu akacheka mpaka mshono ukamuuma.

Ile jiko ya stima ndiyo ililetwa kwa ajili ya maji hayo ya kuogea. Njeru, mwanawe Wawira, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale Runyenjes, na akishika waya hakuna mtu nyumbani anayembishia. Alinunua ile jiko ya bei nafuu, sahani ya udongo yenye mfereji unaozunguka, na ndani ya mfereji koili imelala kama nyoka mwembamba. Akachukua waya mwembamba, ule mweupe wa kufungia taa, akauchomeka kwa soketi ya nyumba kubwa, akaupitisha chini ya mabati, akauteremsha nyuma ya maboksi mpaka chumbani kwa mkewe, Karambu. Ulifichika vizuri. Wageni wakiingia wanaona soketi tu, hawaoni ilikotoka.

Koili zile hazidumu. Uji ukifurika ukaimwagikia, inakatika. Ya kwanza kukatika, Karambu alitaka kuitupa, lakini Teresia, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, alimshika mkono.

"Usitupe, mama! Huku hatutupi. Kata pale pameungua, vuta hizi ncha mbili, zisokote pamoja. Utaona vile itawaka kuliko ikiwa mpya."

Na kweli iliwaka kuliko ikiwa mpya. Ilikatika tena, wakakata tena na kusokota. Kila mara maji yalichemka upesi zaidi. Teresia alikuwa amefundisha kikundi chao chote cha akina mama ujuzi huo, na alikuwa na sababu yake: tambi ya taa ukiikata inakunywa mafuta kidogo, kwa hivyo koili ikiwa fupi inakula stima kidogo. Nani angebisha? Macho yalikuwa yanaona. Sufuria ambayo zamani ilingoja mtu amalize kufagia uwanja sasa ilitokota kabla ya kushika ufagio.

Vile vipande vilivyokatwa, Wawira alikuwa anaviokota na kuviweka kwa mkebe wa majani ya chai. Si kwamba alikuwa na kazi navyo. Ng'ombe wa Igoki, mmoja wa akina mama wa kikundi, alimeza waya kwenye majani ya nepia, akakonda miezi yote wakidhani ni minyoo, mpaka alipochinjwa ndipo ule waya ukaonekana umechoma moyo. Tangu hapo Wawira haachi hata msumari uwanjani. Watu wanamcheka kwamba anaweza kuogopa mvua kwa sababu ina maji. Na wacheke.

Jumapili jioni alimkalisha Njeru chini.

"Njoo ushike huu ukuta."

Njeru alishika. "Ni joto ya chumba, Mami. Si ndiyo tulitaka?"

"Ukuta wa dirishani uko baridi. Huu tu, hapa waya unapopita."

Njeru alikuwa kijana mwenye heshima, hakumcheka. Aliipindua jiko akamwonyesha kibati kilichopigwa chini yake. "Ona hapa. Imeandikwa volti mia mbili na arobaini, wati elfu moja. Sasa, wati ni volti mara ampea. Ampea ndizo wingi wa stima inayopita kwa waya. Kwa hivyo chukua elfu moja, gawanya kwa mia mbili na arobaini. Ni ampea nne na kitu kidogo. Huu waya unabeba ampea tano bila shida. Tano na nne, kubwa ni gani?"

"Tano."

"Basi lala."

Alilala kwa amani siku mbili. Hesabu ilikuwa imemtuliza kama dawa ya daktari, kwa sababu aliifuata mwenyewe, na hesabu ndiyo somo alilokuwa analipenda kabla ya kuacha shule darasa la saba. Lakini siku ya tatu akashika ukuta, na mkono ukamwambia kitu kingine. Sasa akawa na wasiwasi mara mbili, wa ukuta na wa kuona kwamba labda ni yeye anayezeeka vibaya.

Jumamosi ilikuwa ndiyo siku ya akina mama kuja kuona mtoto. Tangu alfajiri Wawira alikuwa mbioni. Karambu alikuwa amekubali kupika ucuru wa wageni hapo hapo chumbani, kwa sababu jikoni kuni zilikuwa zimelowa. Sufuria kubwa ya ucuru, halafu ya chai, halafu maji ya kuogesha mtoto, zote kwa ile jiko, moja baada ya nyingine. Wawira aliangalia ile sufuria ikiwekwa. Siku nyingine jiko iliwaka kidogo tu, maji ya beseni, ikazimwa. Leo itawaka asubuhi yote.

"Nakimbia Runyenjes nichukue mikate na sukari," alisema. "Karambu, hiyo kitu..."

"Nitaiangalia, Mami. Enda."

Akaenda. Lakini kwenye kiondo, chini ya leso, alikuwa ametia ule mkebe wa majani ya chai.

Njeru alikuwa ameinamia simu ya mtu iliyofunguliwa tumbo, aliposikia mkebe ukigongwa mezani kando ya mfuko wa mikate na sukari.

"Mami! Si wageni wako nyumbani?"

"Wako. Nijibu kitu kimoja nirudi. Huyu mtoto alizaliwa na kilo tatu, iko kwa kadi. Mbona kliniki wanampima kila mwezi? Si wasome tu kadi?"

Njeru alicheka. "Si anabadilika?"

"Na jiko?" Wawira aliuliza. "Ulisoma kadi yake. Kile kibati kilipigwa ikiwa mpya. Sasa hii ndiyo imetoka kwake tangu siku hiyo." Akaumwaga mkebe.

Vipande vya koili vilitawanyika mezani, vingine vifupi kama ukucha, vingine virefu kama kidole, vingine, vile ambavyo Teresia alikata akitaka kazi iwe safi, virefu kama mkono wa mtoto. Njeru aliacha kucheka. Akaanza kuviunga ncha kwa ncha mezani, kimoja baada ya kingine, na meza ilipoisha navyo bado vikabaki, akavizungusha.

"Zote hizi zimetoka kwa ile koili moja?"

"Ile moja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Jiko ilikuwa inaenda vizuri kuliko mwanzo."

Njeru alichukua mita yake, ile yenye sindano mbili, nyekundu na nyeusi. Mikono yake ilikuwa imeanza kwenda haraka, na Wawira akaona, na kuona huko kukamwogopesha kuliko ukuta.

"Sikiza, Mami. Koili kazi yake ni kuzuia. Inazuia stima isipite yote mara moja. Ni kama mawe kwa mfereji wa maji. Kuzuia huko kunaitwa ukinzani, na tunaupata tukigawa volti kwa ampea. Ikiwa mpya, mia mbili na arobaini gawanya kwa zile nne na kitu, ni kama ohm hamsini na nane. Hayo ndiyo mawe yote." Aligusa ncha ya kwanza na ya mwisho ya kile kinyoka kilichozunguka meza, akasoma mita. "Thelathini na nne. Haya ndiyo mawe mmetoa."

"Kumebaki ishirini na nne," Wawira alisema.

"Na stima ya nje haijabadilika, ni mia mbili na arobaini ile ile. Kwa hivyo ampea ni..." Alianza kutafuta kikokotoo kwa simu, lakini mama mtu alikuwa ameshalifikia jibu.

"Kumi."

Njeru akairudisha simu mezani.

"Ampea kumi," Njeru alisema taratibu. "Kwa waya wa tano. Mia mbili na arobaini mara kumi, wati elfu mbili na mia nne. Hiyo si jiko moja, Mami. Ni jiko mbili na nusu zimekaa kwa waya wa taa."

"Na fyuzi? Si ulisema fyuzi hukatika ikizidi?"

"Fyuzi ya ile plagi ni ya kumi na tatu. Ikiona kumi inacheka tu. Haikatiki." Alikuwa ameshasimama. "Koili inawaka vizuri kwa sababu iliumbwa kuwaka. Lakini ule waya nao sasa unataka kuwaka. Nyuma ya maboksi."

"Njeru. Jiko iko moto tangu asubuhi."

Alipiga simu ya Karambu. Imezimwa. Bila shaka ilikuwa imeisha chaji, maana soketi ilikuwa na jiko. Alipiga ya Teresia. Ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Wawira alijua ni kwa nini haishikwi: akina mama wakianza kuimbia mtoto, hata mbingu ikianguka wataisikia kesho. Mikate ilibaki mezani. Sukari ilibaki. Njeru hakufunga hata kibanda, alimwambia jirani tu achunge, akasimamisha pikipiki, wakapanda wote wawili nyuma ya yule kijana wa boda.

"Kanja! Endesha!"

"Mama, barabara ina tope..."

"Endesha nimesema!"

Njia hiyo Wawira aliipita maisha yake yote, lakini siku hiyo ilikuwa imerefushwa na mtu. Mashamba ya kahawa, kiwanda, mashamba ya chai, kona, kona nyingine. Alikuwa anatafuta moshi. Moshi ulikuwa kila mahali, kila boma lilikuwa linapika. Akauona mmoja mzito upande wao, roho ikamtoka, kumbe ni mtu anachoma magugu. Alijaribu kuomba akapata maneno yamekwisha, amebaki na namba. Kumi kwa tano. Kumi kwa tano. Kwa nini hakuizima ile kitu akienda? Kwa sababu aliogopa kuitwa mwoga. Mwanamke mzima mwenye mjukuu, anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa moto.

Walipofika langoni walisikia nyimbo. Nyimbo zilikuwa ndizo habari njema ya kwanza.

"Chomoa huko!" Wawira alipaza sauti, na Njeru akakata kuelekea nyumba kubwa. Yeye akaingia chumbani kwa Karambu na viatu vya tope.

"Haiya, Mama Njeru amekuja kukimbilia bwana yake!" Igoki alipiga kelele, na wote wakaangua kicheko. "Usiogope, hatujamnyang'anya!"

Chumba kilijaa, wamekaa kwa viti, kwa mikeka, kwa ndoo zilizopinduliwa. Jiko kwenye kona ilikuwa nyekundu kama jicho la mgonjwa, sufuria ya chai inatokota. Ile ya ucuru ilikuwa imeshushwa chini, nusu imenywewa. Na harufu ilikuwepo. Harufu ya plastiki, tamu, mbaya, imechanganyika na harufu ya maziwa na ya nepi, ndiyo maana hawakuijali.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, polepole, wacha asiamke," Teresia alisema. "Tulimsongeza pale ukutani. Mbao ya hapo ina joto tamu, yaani kama kifua cha mama. Alilia tukamweka hapo, akanyamaza papo hapo."

Mtoto alikuwa amefungwa blanketi mbili, mgongo wake umegusa boksi. Na juu yake kidogo, hapo ambapo mkono wa Wawira ulikuwa unapita kila siku, boksi lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya rangi, na katikati ya hiyo rangi kulikuwa na doa jeusi lenye ukingo unaotembea.

Wawira hakumbuki alivyovuka wale watu. Alikanyaga mguu wa mtu, akaangusha kikombe, akamnyakua mtoto na blanketi zake. Mtoto akaamka na kulia.

"Tokeni! Karambu, toka! Tokeni nyote!"

"Kwani ni nini, Mama..."

Hapo doa likafunguka, na ulimi wa moto ukachungulia nje, mdogo, mwekundu, kama unaopiga hodi. Sasa waliona. Ziliinuka kelele, ndoo zikapinduka, na Karambu akachota maji ya kuogeshea.

"Usimwage!" Wawira alimkemea kutoka mlangoni. "Bado kuna stima!"

Karambu alisimama na beseni mikononi, moto ukipanda mbele yake juu ya kitanda cha mtoto wake, na kusimama huko, Wawira anasema, ndiko kulikuwa kurefu kuliko safari yote. Kisha jiko ikaanza kufifia, nyekundu ikawa kahawia, kahawia ikawa kijivu, na sauti ya Njeru ikasikika uwanjani, "Nimechomoa! Nimechomoa!"

Karambu akamwaga. Maji ya beseni hayakutosha. Igoki, mwanamke mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, akainua ile sufuria ya ucuru iliyobaki nusu akaimimina ukutani yote. Ule ucuru mzito ukateremka polepole juu ya maboksi, ukaufunika moto ukiwa unatoa sauti ya kukaanga, na moto ukafa.

Njeru alibandua maboksi kwa mikono. Waya ulionekana, lakini haukuwa waya tena. Plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na kudondoka kama nta, shaba iko uchi, na mbao ambayo ulikuwa umelalia ilikuwa nyeusi kutoka darini mpaka kimo cha godoro. Halikuwa doa la leo peke yake. Mbao ilikuwa imeungua siku nyingi, kidogo kidogo, ikingoja.

Hakuna aliyecheka. Waliketi nje kwenye baridi, na Njeru akawaelezea, akichora kwa kijiti mchangani, zile volti, zile ampea, zile ohm zilizokuwa hamsini na nane zikawa ishirini na nne.

"Lakini koili fupi inakula kidogo," Teresia alisema. Hakuwa anabisha. Alikuwa anaomba.

"Inakula zaidi, tata," Njeru alisema kwa upole, akimwita shangazi. "Ukitoa mawe kwa mfereji maji hayapungui, yanakimbia. Halafu yanabomoa kingo. Waya ndiyo kingo. Koili ikikatika, nunua nyingine nzima. Na kama waya ina joto ukiishika, usiulize kibati, zima."

Igoki alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa ameacha githeri kwa jiko ya stima, alisema, na msichana wa nyumba ako nje na nguo. Hakuaga mtoto. Mwingine akamfuata akikusanya leso, na mwingine, na baada ya muda mfupi walikuwa wanateremka njia kwa mwendo ambao hauwezi kuitwa kutembea. Teresia alibaki kidogo, akijaribu kumtazama Karambu usoni.

"Mimi ndiye nilimlaza pale," alisema.

"Sote tulilala pale," Karambu alimjibu. Akamshika bega, akamsukuma kidogo. "Enda uangalie kwako."

Njeru aliwasha kuni zile zile zilizolowa, akapuliza mpaka macho yakamwaga machozi, na maji ya mtoto yakachemka kwa mafiga, yakichukua muda wao. Karambu alinyoosha mikono ampokee mwanawe amwogeshe.

"Mlete, Mami. Umeshachoka."

Wawira alikuwa amekaa kwa kigoda mlangoni mwa kile chumba, mtoto kifuani, mkono mmoja umemshika na mwingine umeegemea ile mbao nyeusi. Stima ilikuwa imechomolewa kitambo, ucuru umegandamana ukutani, na mbao bado ilikuwa na joto.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ngoja kwanza ipoe."